Mdudu wa jangwani anayenyonya damu usiku: hofu ya moyo, na viganja vinavyowasha

Swali: "Shikamoo daktari. Sisi ni Wakongo wa Uvira, tulikaa miaka mingi kambini Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tuko Tucson, Arizona. Mwaka huu tulitoka kwenye ghorofa la mjini tukapanga nyumba pembeni mwa mji. Nyuma yetu ni jangwa na kaktasi tu. Tangu mwezi wa tano nimeng'atwa usiku mara tatu. Mara ya kwanza vilitoka vipele vinne mkononi, basi. Mara ya pili mkono ulivimba. Wiki iliyopita niliamka saa nane usiku, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, viganja vinawasha, tumboni nina mabaka, na kizunguzungu kidogo. Nikameza dawa ya maumivu nikalala. Asubuhi chini ya mto tulikuta mdudu mweusi, mrefu kama ncha ya kidole gumba, pembeni ana mistari ya rangi ya chungwa. Bwana yangu alimponda kwa ndala ikatoka damu nyingi. Jirani yetu Mmeksiko anasema huyo huleta ugonjwa unaokula moyo polepole kwa miaka mingi, na hauna dawa. Kazini wananiambia ni malale, kama ya mbung'o. Nina mtoto wa miaka minne analala nami. Je, nimeshaambukizwa? Watoto wapimwe? Tumepuliza dawa chumbani mara mbili. Bwana yangu anataka kuchoma kiota cha panya kilicho chini ya kaktasi. Au tuhame? Nyumba yangu ni safi, daktari, naona aibu hata kuuliza."

Marahaba, mama, na pole sana. Kwanza ujue mimi ni daktari wa aina gani: nasoma wadudu, sitibu watu. Kwa hiyo yapo mambo nitakayokujibu mwenyewe, na yapo nitakayokupeleka hospitali. La kwanza kabisa ni la hospitali.

Barua yako karibu yote inauliza habari za moyo. Mimi sentensi iliyonishtua ni ile uliyoipita haraka: viganja kuwasha, mabaka tumboni, kizunguzungu. Mdudu alikung'ata mkononi, lakini mwili ulijibu mahali ambapo hakugusa kabisa. Hiyo si tena habari ya uvimbe wa kung'atwa. Ni dalili kwamba mwili wako umeanza kuwa na mzio na mate ya mdudu huyu, na kila mara unajibu kwa nguvu zaidi: vipele, kisha uvimbe, kisha mwili mzima. Ya nne inaweza kuishia kwenye kuvimba ulimi na koo, kubanwa pumzi, kutapika, presha kushuka na kuzimia. Madaktari huita hali hiyo anafilaksia, na huko Arizona kusini madaktari wa dharura wanaifahamu vizuri kila kiangazi kwa sababu ya mdudu huyuhuyu.

Basi wiki hii, usisubiri ung'atwe tena, nenda kwa daktari umweleze mara zote tatu ulizong'atwa kwa mpangilio niliouandika hapo juu: vipele, uvimbe, mwili mzima. Mwombe akupime kuhusu mzio na akuandikie sindano ya adrenalini, ile ya kujichoma mwenyewe pajani, na akuonyeshe namna ya kuitumia. Kaa nayo chumbani usiku. Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza kuwasha na vipele, lakini havifungui koo linaloziba, na dawa ya maumivu uliyomeza haifanyi lolote hapo. Usiku ukiamka na dalili kama zile, na hasa ukiona pumzi inabana, midomo inavimba au macho yanaona giza, jichome sindano, piga 911, lala chini, usiendeshe gari. Hata ukipata nafuu baada ya sindano nenda hospitali, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya saa chache. Tamka neno "Swahili" tu watakapopokea simu, watakuunganisha na mkalimani. Hospitalini pia una haki ya mkalimani bila malipo, kwa hiyo usimfanye mtoto wa shule awe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake.

Sasa tumzungumzie mdudu mwenyewe.

Sijamwona, lakini ukubwa, weusi, mistari ya chungwa pembeni mwa tumbo, msimu, na ile damu iliyotoka vinaelekea upande mmoja: Triatoma rubida, mkazi wa jangwa la Sonora, ambalo Tucson imejengwa ndani yake. Anatoka katika ukoo mkubwa wa wadudu wauaji, wenye spishi elfu kadhaa duniani, na hapa pana kosa ambalo watu wengi hufanya. Karibu wote katika ukoo huo hawana shida na damu yako. Wanawinda wadudu wenzao: humchoma mawindo kwa mdomo mgumu uliopinda, humwingizia mate yenye sumu yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha humfyonza. Afrika Mashariki tunao pia. Platymeris rhadamanthus, mweusi mkubwa mwenye alama za rangi kali mgongoni, huwinda hata wale mbawakawa wenye pembe wanaotoboa minazi, na akichokozwa hutema mate kwa mbali kuelekea machoni mwa adui. Huko kwenu Arizona yuko mwingine, Apiomerus, anayevizia nyuki kwenye maua. Jike wa Apiomerus flaviventris hukusanya utomvu wa kichaka fulani cha jangwani na kuyapaka mayai yake ili sisimizi wasiyale, na watoto wakianguliwa huchukua utomvu uleule na kuutumia kunasia mawindo. Ukimkuta kwenye ua lako, mwache. Ukimshika atakuchoma na itauma kweli, lakini haji kitandani kukutafuta.

Kundi dogo tu la ukoo huo, ndio hao matriatoma na jamaa zao, liliacha uwindaji likahamia kwenye damu ya wanyama wenye uti wa mgongo. Ukitaka kuwatofautisha, geuza mdudu (aliyekufa, tafadhali) utazame mdomo. Wa triatoma ni mwembamba, umenyooka, umekunjwa chini ya kichwa chembamba kirefu, na hauvuki mbali zaidi ya hapo. Wa muwindaji ni mnene na umepinda kama kulabu. Wadudu wanaofyonza mimea, ambao watu wa Arizona huwachanganya sana na triatoma kwa sababu hukaa kwenye mipungate (aina ya kaktasi), mdomo wao ni mrefu na hufika kifuani, katikati ya miguu. Wengi wanaopeleka "triatoma" kwa wataalamu huwa wamebeba hao wa mimea. Lakini mdudu wa kwenye mpungate hatoki damu akipondwa kwa ndala.

Kuhusu aibu, iondoe. Huyu si kunguni. Kunguni huishi kwenye godoro na husafiri kwa mizigo na samani. Triatoma wa jangwani nyumba yake ni kiota cha panya, tena panya wa namna ya pekee: yule anayekusanya vijiti, mawe, mifupa na vipande vya kaktasi vyenye miiba, akavirundika chini ya kichaka hadi vikawa kichuguu. Nje ya kiota joto la Juni hupita digrii 38, ndani pana kivuli na ubaridi na panya aliyelala mchana kutwa. Triatoma jike hutaga humo. Tunutu wanaoanguliwa hawana mbawa, hupitia hatua tano za kujivua ngozi, na kila hatua wanahitaji kunywa damu. Wengi huzaliwa, hukua na kufa bila kumwona binadamu. Panya hao, kwa taarifa yako, wana heshima yao katika sayansi: mkojo wao hukauka ukagandisha takataka za kiota kama jiwe, na viota vya kale vilivyohifadhika mapangoni vimewaonyesha watafiti mimea iliyoota jangwani makumi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Shida yako huanza pale mdudu anapopata mbawa. Kuanzia Mei hadi mvua za Julai, katika zile wiki za joto kavu kabla ya mawingu kujikusanya, wazima hutoka viotani jioni na kuruka, wana njaa, wanatafuta mnyama mwingine au mwenza. Taa huwavuta. Ukiwa na taa inayowaka barazani usiku kucha, umewaita. Wakishatua ukutani hutembea wakitafuta upenyo: chini ya mlango, pembeni mwa dirisha ambalo wavu wake umechanika, kwenye bomba, au kupitia ile mashine ya kupoza hewa kwa maji iliyo juu ya paa, ambayo nyumba nyingi za zamani za Tucson bado zinayo. Ndani huongozwa na joto la mwili na pumzi unayotoa. Usafi wa sakafu yako hauingii kwenye hesabu hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mmehama kutoka katikati ya mji mkaja jirani na panya.

Akifika kitandani huwa na adabu ya mwizi. Mate yake yana vitu vinavyotia ganzi, vinavyozuia damu isigande na vinavyotanua mishipa midogo. Ndiyo maana anaweza kunyonya dakika kumi, ishirini au zaidi nawe hujageuka, na kuondoka akiwa na uzito mara kadhaa ya aliokuja nao. Akikurupushwa kabla hajashiba huchoma tena pembeni, na hapo ndipo unapata vile vipele vinne vya jirani. Protini za mate hayo ndizo zinazofundisha kinga ya mwili wako kukasirika. Mara ya kwanza mwili unazisoma tu. Zinazofuata tayari umejiandaa kwa kingamwili zake, na seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta kuwasha na uvimbe, hufunguka zote kwa pamoja. Si kila mtu hupata hayo. Mumeo huenda anang'atwa vilevile na haoni kitu zaidi ya kipele, na hiyo haimaanishi unajidekeza.

Hadi leo hakuna chanjo ya kuzoesha mwili mzio huu inayouzwa kwenye kliniki, kama ile ya mzio wa nyuki, na kipimo chake maalumu hakipatikani kwa urahisi. Daktari atategemea sana maelezo yako. Ndiyo sababu nasisitiza uyapange vizuri, na umpelekee picha za mkono kama ulipiga.

Tuje kwenye moyo, maana najua hapo ndipo usingizi unapokatika.

Jirani yako hasemi uongo, anatoka upande wa dunia ambako ugonjwa huo ni msiba wa kweli. Unaitwa Chagas, kwa jina la Carlos Chagas, daktari Mbrazili aliyetumwa kwenye mji wa Lassance, jimbo la Minas Gerais, kupambana na malaria ya wajenzi wa reli. Huko aliwakuta wadudu hawa wakiishi kwenye kuta za udongo za maskini, akaona kimelea kwenye utumbo wao, na mwaka 1909 akakikuta kimelea hichohicho kwenye damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili, Berenice. Alikiita Trypanosoma cruzi kumheshimu mwalimu wake, Oswaldo Cruz. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu takriban milioni saba wana kimelea hicho leo, wengi mno Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na Meksiko.

Ila "unakula moyo" ni nusu ya habari. Baada ya kuambukizwa kuna wiki chache za mwanzo zenye homa na uchovu, au bila dalili yoyote, kisha kimelea hujificha mwilini kwa miaka. Kati ya walioambukizwa, asilimia 20 hadi 30 hivi ndio hupata baadaye madhara ya moyo, au utumbo na umio kutanuka. Waliobaki hubaki na kimelea bila kuugua hivyo. Berenice mwenyewe alichunguzwa tena akiwa mama mtu mzima: kimelea kilikuwemo, moyo wake haukuwa na ugonjwa huo. Na "hauna dawa" si kweli. Zipo mbili, benznidazole na nifurtimox, na Marekani zimeidhinishwa kwa ajili ya watoto, ya kwanza mwaka 2017 na ya pili 2020. Hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na watoto huzivumilia kuliko watu wazima.

Wenzako wa kazini nao wana kipande cha ukweli. Kimelea cha Chagas na kile cha malale ni ndugu, wote ni trypanosoma, na Mkongo ana kila sababu ya kuliogopa jina hilo kwa kuwa wagonjwa wengi wa malale duniani wametoka Kongo. Lakini njia ya kuingia mwilini ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo itakayokupunguzia mzigo. Mbung'o hubeba kimelea kwenye mate: akikuchoma amekuingizia. Triatoma hubeba kimelea kwenye utumbo wa nyuma, na hukitoa kwa kinyesi. Mate yake hayana kimelea. Kung'atwa peke yake hakuambukizi Chagas. Ni lazima mdudu atoe kinyesi juu ya ngozi yako, kisha kinyesi kile kisuguliwe kwenye kidonda alichokiacha, au kwenye jicho, au mdomoni. Unajikuna usingizini, unajipaka.

Sasa fikiria tabia za mdudu. Amerika ya Kusini wapo kama Triatoma infestans na Rhodnius prolixus, ambao hutoa kinyesi wakiwa bado wanakunywa, wamesimama juu ya mtu. Hao ndio hatari kubwa. Isitoshe, wameishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za kuta na kwenye paa za nyasi, wakinywa damu ya familia moja usiku baada ya usiku, kizazi hadi kizazi. Triatoma rubida hafanyi hivyo. Katika majaribio ya maabara hawakutoa kinyesi wakati wa kunywa, bali baada ya kumaliza, na mara nyingi wakati huo mdudu ameshashuka mwilini. Tena kwako ni mgeni mmoja mmoja wa kiangazi, hajajenga.

Sitaki kukudanganya kwa upande wa pili pia. Kimelea kimo jangwani. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu matriatoma waliokusanywa Tucson uliwakuta wanne kati ya kila kumi wamebeba Trypanosoma cruzi. Si kidogo hata kidogo. Marekani kwa ujumla inakadiriwa kuwa na watu wapatao laki tatu wenye Chagas, lakini wengi sana waliupata Amerika ya Kilatini kabla ya kuhamia. Waliothibitika kuupata kwa mdudu ndani ya Marekani, tangu watoto wachanga wa Texas walioripotiwa mwaka 1955, ni wachache. Pengine wapo wasiogunduliwa, kwa sababu madaktari wengi hawauulizii. Hata hivyo umbali kati ya "wadudu wanne kati ya kumi wanacho" na "watu wachache wameambukizwa" unaeleza vizuri jinsi njia hii ya kinyesi ilivyo ngumu kwa mdudu wa huko.

Kwa hiyo, umeshaambukizwa? Uwezekano ni mdogo. Kupima ni busara? Kwako ndiyo, nafikiri hivyo, kwa kuwa umeng'atwa mara tatu na utakuwa kliniki tayari kwa ajili ya mzio. Ila ujue kipimo kinavyofanya kazi usije ukatulizwa bure. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na hizo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Kikifanyika siku chache baada ya kung'atwa na kikasema huna, hakijasema kitu bado. Daktari ataamua kukupima tena baadaye, na kipimo kimoja kikisema unacho, hakitoshi, ni lazima kithibitishwe kwa kipimo cha namna nyingine. Ukiwa mjamzito au unapanga kubeba mimba, mwambie, kwa kuwa mama anaweza kumpitishia mtoto tumboni. Usitoe damu kwa ajili ya wengine hadi umalize vipimo hivi.

Watoto nisingewapeleka wote kupimwa leo kwa hofu tu. Huyo wa miaka minne anayelala nawe mtazame. Akipata homa isiyo na sababu katika wiki zijazo, au kope za jicho moja zikavimba bila maumivu makali na uvimbe ukakaa siku nyingi, mpeleke umtajie daktari mdudu kwa jina. Uvimbe huo wa jicho moja una jina la daktari wa Argentina, Romaña, na hutokea kimelea kikiingilia jichoni. Lakini kope kuvimba asubuhi na kunywea kesho yake, mara nyingi ni mzio tu wa kung'atwa karibu na jicho. Daktari akitaka kumpima pamoja nawe kwa sababu mmelala kitanda kimoja, kubali.

Kuhusu mliyoyafanya na mnayotaka kufanya. Kupuliza dawa chumbani hakujakusaidia, na kuna sababu. Kuanzia 1991 nchi za kusini mwa Amerika zilipuliza dawa kwenye nyumba kwa ushirikiano, na Uruguay mwaka 1997, kisha Chile 1999, zikatangazwa zimekata maambukizi ya Chagas yanayoletwa na Triatoma infestans. Iliwezekana kwa sababu mdudu aliishi ukutani. Wako anaishi nje na huingia usiku mmoja. Unapuliza leo, anakuja keshokutwa mwingine, na mtoto ndiye anayevuta dawa. Acha.

Kuchoma kiota, mwambie baba watoto hapana, tena hapana ya herufi kubwa. Juni katika Sonora kila jani ni kiberiti, moto wa kichaka kimoja unaweza kufika kwa jirani kabla hajapata ndoo, na mwenye nyumba na polisi watamkuta yeye. Hata asipochoma, akikibomoa kwa mikono wakati huu, wadudu wenye njaa waliomo watatawanyika, na ninyi ndio mlio karibu. Kiota kilicho jirani na ukuta kiondolewe na fundi wa wadudu mwenye leseni, na si katikati ya msimu wa kuruka isipokuwa yeye mwenyewe akishauri hivyo. Mwandikie mwenye nyumba barua au ujumbe wenye tarehe ukieleza kung'atwa, mdudu na kiota, uhifadhi nakala. Kila nyumba ina mkataba wake, lakini maandishi hukusaidia zaidi ya simu. Panya akiondolewa huja mwingine kama chakula na maficho vipo, kwa hiyo kuni, mbao na magari mabovu yasikae yameegemea nyumba.

Ninachokitegemea zaidi ni cha kizamani, na ninyi mliotoka Nyarugusu mnakijua kuliko majirani zenu wote: chandarua. Fungeni kwenye vitanda vyote, mchomeke chini ya godoro pande zote, msiache kikigusa mwili kwa sababu mdomo wa mdudu hupita kwenye matundu. Sogeza kitanda mbali na ukuta, shuka na blanketi zisiburute sakafuni. Kabla ya kulala funua shuka, inua mto, washa tochi uangalie hata nyuma ya picha zilizo juu ya kitanda. Zimeni taa za nje, au wekeni za rangi ya manjano zinazowaka mtu akipita tu. Zibeni chini ya milango kwa ule mpira wa kuzuia upepo, na nyufa za madirisha na mabomba kwa silikoni. Mwenye nyumba akague wavu na mifereji ya ile mashine ya paa. Mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu usiyategemee sana, mdudu huyu hayajali kama mbu anavyoyajali. Na kama mna mbwa, alale ndani: mbwa huwala wadudu hawa na huweza kuambukizwa kwa njia hiyo, na moyo wake nao hudhurika.

Kuhama? Kwa ajili ya Chagas peke yake, nisingekushauri uvunje mkataba. Kwa ajili ya mzio, ni swali la haki kabisa. Daktari akithibitisha kwamba lile la wiki iliyopita lilikuwa mwanzo wa anafilaksia, na nyumba imeshindikana kuzibwa, basi kurudi mjini kabla ya Mei ijayo si woga. Omba daktari akuandikie barua, maana mwenye nyumba huielewa karatasi ya hospitali. Kwa sasa msimu uko ukingoni, mvua za Julai zikikolea wanaoruka hupungua sana, kwa hiyo una miezi ya kuamua bila papara.

Akitokea mwingine, asipondwe. Mfunike kwa glasi, telezesha karatasi chini yake, au mshike kwa mfuko wa plastiki uliouvaa mkononi, kamwe si kwa vidole vitupu. Mtie kwenye kopo lenye kifuniko, andika tarehe na chumba, uweke kwenye friza mbali na chakula. Ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Arizona iliyoko kaunti ya Pima hutambua wadudu wanaoletwa na wananchi. Daktari akitaka mdudu apimwe kimelea, idara ya afya ya kaunti itamwelekeza. Jibu la mdudu, hata likisema anacho, si jibu lako, damu yako ndiyo itakayojibu.

Na ile damu iliyomwagika ilitoka tumboni mwa mdudu, pamoja na chochote kilichokuwemo utumboni. Foronya na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, mahali alipopondwa pafutwe kwa jiki iliyochanganywa na maji ukiwa umevaa glavu, na ndala za bwana ziloweke humo kabla mtoto hajazivaa.